Sura ya Saba: Bastola ya Mstaafu na Faili la Daktari

Mtu anapostaafu Nairobi na kurudi Tulia, vitu vyake hupanda Canter. Kochi, friji, tangi la maji la plastiki lililofungwa juu ya magodoro, katoni za vitabu ambavyo hakuna atakayevifungua tena. Bastola haipandi Canter. Iko kiunoni mwa mwenyewe, kwenye kiti cha mbele, na cheti chake kiko mfuko wa shati, maana askari wa kizuizi cha barabarani akiiona bila cheti safari inaishia hapo hapo.

Wenye bastola si wengi upande huu wa Kitui Magharibi, lakini wapo: mfanyabiashara wa ng'ombe aliyezoea kutoka mnadani na pesa taslimu, mwenye duka la jumla aliyewahi kuvamiwa usiku, wakili, mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi akabaki na walinzi wawili na cheti. Nitamfuata mmoja wa kubuni, mzee wa miaka sitini na kitu, aliyefanya biashara Nairobi kwa muda mrefu. Nimemuunda kutokana na sheria, si kutokana na jirani yeyote, kwa hiyo wazee wa Tulia wasianze kutazamana.

Kwa upande wa bastola, kuhama kwake si jambo kubwa. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni moja nchi nzima, na Bodi ya Leseni za Silaha ni moja. Kaunti ya Kitui haina sheria yake ya bunduki wala haiwezi kutunga. Afya ni kinyume chake. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti hospitali na zahanati, zikabaki mikononi mwa serikali kuu zile za rufaa za kitaifa na kazi ya kutunga sera. Kwa hiyo mzee wetu anapohama, silaha yake inabaki chini ya mlezi yule yule, ila mwili wake unabadilisha mlezi. Faili lake lenye kisukari, presha, na ile miezi mibaya baada ya mkewe kufariki, limebaki kwenye kabati la hospitali Nairobi. Tulia anaanza upya na daftari la shule la kurasa 32, jina limeandikwa juu kwa kalamu ya wino, ambalo atakuwa akilibeba mwenyewe kila aendapo kutibiwa.

Mambo haya mawili, silaha na ugonjwa, yangeweza kuishi bila kukutana. Yanakutana kwenye kifungu cha 5 cha Sura ya 114, ambacho kinakataza cheti kupewa mtu mwenye mazoea ya ulevi, au asiye na akili timamu, au ambaye kwa sababu nyingine yoyote hafai kukabidhiwa silaha. Maneno hayo hayakuzaliwa Kenya. Yalikuwemo kwenye sheria ya silaha ya Uingereza ya 1920, yakaja na ukoloni, na yamekaa hapo mpaka leo bila mtu kuyaeleza. Ulevi ni kiasi gani? Mzee anayekunywa kaluvu kila Jumamosi na kulala mapema yuko upande gani? Na akili isiyo timamu ni ipi: ya aliyelazwa hospitali ya akili ya Mathari kwa amri ya mahakama, au ya aliyepewa vidonge vya usingizi kwa wiki sita alipofiwa? Sheria inaacha yote kwa anayeamua.

Kwa miaka mingi swali hilo halikumsumbua mtu. Anayejulikana alipata cheti, asiyejulikana alisubiri. Hali ilibadilika Desemba 2018, pale Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, alipoagiza raia wote wenye silaha wahakikiwe upya ndani ya siku 90, na Bodi mpya ikaundwa chini ya Charles Mukindia. Waliopita walipewa kadi za kielektroniki. Uhakiki ule ulihitajika. Nairobi ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakichomoa bastola kwenye baa kama wanaochomoa simu, na baadhi ya vyeti vyenyewe vilikuwa vya kughushi. Lakini uhakiki wa kweli huuliza maswali ya kweli, na moja ya maswali hayo ni la kichwani: daktari anasemaje?

Sasa mwone mzee kwenye zahanati, asubuhi, amekaa benchi la nje pamoja na akina mama wenye watoto. Anaingia. Anayemhudumia ni afisa wa kliniki, ila huku kila aliyevaa koti jeupe ni daktari.

"Mzee, hii karatasi ni ya nini?"

"Ni ya polisi, daktari. Wanataka kujua kama kichwa kiko sawa."

"Umewahi kutibiwa msongo wa mawazo? Kulazwa? Dawa za usingizi?"

Mlango uko wazi kwa sababu chumba kina joto. Mama wa kwanza kwenye benchi ni mke wa mpwa wake. Mzee anapiga hesabu kwa sekunde mbili, kisha anasema hapana.

Jibu hilo la uongo ndilo linalonifanya niandike sura hii. Mzee hakulitoa kwa kuwa yeye ni mtu hatari. Alilitoa kwa kuwa hajui karatasi itapita wapi, na kwa kweli anayo haki ya kuogopa. Ombi la silaha huanzia kwa polisi wa eneo, wapelelezi wa DCI hulichunguza, kamati ya usalama ya kaunti ndogo hutoa maoni, ndipo lifike kwa Bodi. Kila kituo kina karani, kila karani ana shemeji. Katika mji mkubwa siri hufa kwa kukosa wa kumvutia. Kwenye soko kama la Tulia kila siri ina wa kumhusu, na habari kwamba mzee fulani "alitibiwa kichwa" itafika kwenye kesi ya mpaka wa shamba kabla ya kufika kwa Bodi.

Kinachohitajika na Bodi ni jibu. Anafaa, au hafai, au afanyiwe uchunguzi zaidi. Kisa chenyewe, jina la dawa, tarehe ya kulazwa, maneno aliyomwambia mshauri nasaha usiku wa manane, hakihitajiki ili jibu lipatikane. Daktari ndiye anayehitaji kukisikia chote, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kukipima. Tatizo ni kwamba karatasi zetu hazijui kutenganisha. Afisa mwangalifu huandika mengi ili asije akalaumiwa, hupiga mhuri, na kisa kizima huanza safari pamoja na jibu.

Wamarekani wameligombania jambo hili kwa muda mrefu kuliko sisi, na wametoa majibu mawili yanayopingana ndani ya nchi moja. Inafaa kuyatazama, hasa kwa kuwa watoto wetu wengi wako huko. Tuseme binti wa mzee ni nesi Texas, ana kibali cha ukaazi wa kudumu, na ananunua bastola kwa sababu anatoka zamu usiku. Muuzaji anampa fomu ya serikali kuu, ile inayoitwa 4473. Kuhusu akili, fomu inauliza jambo lenye mipaka: je, mahakama au chombo chenye mamlaka kimewahi kukutamka kuwa huna akili timamu, au umewahi kupelekwa kwa lazima kwenye hospitali ya akili? Kipimo hicho kinatokana na sheria ya 1968. Ukienda mwenyewe kwa mshauri nasaha kwa hiari yako, swali hilo halikuhusu. Texas yenyewe haisajili bunduki.

Mwaka unaofuata anapata kazi Jersey City. New Jersey ina sheria yake. Tangu 2022 anayehamia huko na bunduki aliyoipata kwingine amepewa siku 60 za kuchukua kitambulisho cha mnunuzi wa silaha na kuiandikisha bunduki hiyo. Kwenye fomu ya kitambulisho swali la akili halina mipaka ile: umewahi kuhudumiwa, kutibiwa au hata kuchunguzwa na daktari yeyote au hospitali yoyote, umelazwa au hukulazwa, kwa hali yoyote ya akili? Kama ndiyo, taja daktari na mahali. Juu ya hapo anatia saini ya kuruhusu kumbukumbu zake za afya ya akili zipekuliwe. Bunduki ni ile ile, mwanamke ni yule yule. Miezi mitatu ya mazungumzo na mtaalamu baada ya mama yake kufariki, ambayo Texas haikuwa na haja nayo, sasa iko mezani pa polisi wa mji.

Watetezi wa New Jersey wanasema mengi yenye maana. Mtu anayeelekea kujiua mara nyingi hajawahi kufikishwa mahakamani, kwa hiyo swali lenye mipaka la Washington haliwezi kumwona. Ni kweli. Lakini swali pana nalo linamkamata zaidi yule aliyekwenda kutafuta msaada kuliko yule aliyekaa nyumbani na chupa yake. Sijaona fomu iliyofanikiwa kumuuliza huyo wa pili.

Hawaii inatoa mfano ulio wazi zaidi. Jimbo hilo linataka kila bunduki iandikishwe, na anayehamia na silaha hana budi kuiandikisha siku chache tu baada ya kufika, pamoja na kuruhusu kumbukumbu zake za akili zitazamwe. Hawaii pia ina daftari la wagonjwa wanaotumia bangi kwa matibabu, jambo lililohalalishwa huko mwaka 2000. Mwishoni mwa 2017 polisi wa Honolulu waliyaweka madaftari hayo mawili bega kwa bega. Wagonjwa wapatao 30 walipata barua: sheria ya serikali kuu haimruhusu mtumiaji wa bangi kumiliki bunduki, kwa hiyo una siku 30 kuisalimisha. Zilipofika kwenye magazeti, kelele zikawa kubwa na polisi wakarudi nyuma. Hakuna daktari aliyevujisha siri. Hakuna karani aliyemnong'oneza shemeji. Kila mgonjwa alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, kihalali, mahali pawili, kwa sababu mbili tofauti, na mtu wa tatu akaunganisha.

Kenya tumewahi kulikaribia jambo hilo, japo halikuwa la bunduki. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti kukusanya takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na walezi wao na akina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia ilikuwa nzuri, kupanga dawa na chakula. Njia ilikuwa ile ile ya utawala: kamishna, naibu kamishna, chifu, naibu wa chifu. Shirika la KELIN na wenzake walikwenda Mahakama Kuu, na Desemba 2016 mahakama hiyo iliamua kwamba agizo lile, kwa namna lilivyotaka majina yafungamane na hali ya ugonjwa, lilivunja Katiba. Serikali ilipewa siku 45 kuyageuza majina kuwa alama zisizomtambulisha mtu. Kesi hiyo ingefaa kusomwa na kila anayekaa kwenye kamati ya usalama. Haikusema serikali isipange dawa. Ilisema kazi hiyo haihitaji jina la mtoto.

Msingi wa uamuzi ulikuwa kifungu cha 31 cha Katiba, kinachomlinda mtu dhidi ya kudaiwa au kufichuliwa habari za familia yake au mambo yake ya faragha pasipo ulazima. Neno zito hapo ni ulazima. Sheria ya Afya ya 2017 ikaongeza kwamba hali ya mgonjwa, matibabu yake na hata kule kulazwa kwake ni siri, isipokuwa ameridhia kwa maandishi, mahakama au sheria nyingine imeagiza, au kuna hatari kubwa kwa afya ya umma. Kisha ikaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayoiita habari ya afya data nyeti na kutaka ishughulikiwe na mtoa huduma ya afya au mtu mwingine aliyefungwa na wajibu wa kutunza siri. Pia inataka kinachokusanywa kisizidi kinachohitajika kwa kazi iliyotajwa.

Sheria hizo zina meno. Septemba 2023 Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliitoza Casa Vera, baa ya Nairobi, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Mnywaji wa Nairobi basi amelindwa. Mnywaji wa Tulia mwenye bastola yuko mahali pagumu zaidi, maana upande wa pili wa meza yake yumo polisi, na usalama wa taifa umepewa mlango wake kwenye sheria hiyo hiyo. Kanuni za 2021 zinasema kazi ya vyombo vya usalama vya taifa vilivyotajwa kwenye kifungu cha 239 cha Katiba huhesabiwa kuwa ya usalama wa taifa. Vyombo hivyo ni vitatu: jeshi, idara ya ujasusi na huduma ya polisi. Bodi ya Leseni za Silaha haimo kwenye orodha, ingawa maafisa wa polisi na ujasusi wamekaa ndani yake. Kwa maoni yangu hilo linatosha kuidai Bodi itii sheria ya data kama ofisi nyingine yoyote, na ingependeza siku moja wakili aipeleke hoja hiyo mbele ya Kamishna tuone.

Nisije nikaeleweka kama mtetezi wa bunduki. Desemba 2021, Kabete, konstebo mmoja alimpiga risasi mkewe, akatoka barabarani akaua watu wengine kadhaa kwa AK-47, kisha akajiua. Silaha ile ilikuwa ya serikali, haikupitia Bodi. Lakini kila anayelisikia tukio hilo huuliza swali moja: hakuna aliyeona dalili? Umma una haki ya kujua kama mwenye silaha ni mgonjwa, na haki hiyo ni nzito kuliko aibu ya mtu mmoja. Mimi ninabishana juu ya njia. Askari anayejua kwamba kumwambia daktari "silali" kutamnyang'anya bunduki, cheo na heshima kambini kwa siku moja, hatamwambia. Raia naye vivyo hivyo. Swali linaloadhibu ukweli hukusanya uongo, na Bodi inabaki na rundo la karatasi safi za watu wasiolala.

Hapo hapo kulikuwa na mtego wa ziada ambao wengi hawakuujua. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyemwambia daktari kwamba aliwahi kujaribu alikuwa akikiri kosa, na daktari aliyeliandika kwenye karatasi ya polisi alikuwa akiandaa ushahidi. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kifungu hicho kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Ilikuwa imepita miaka minne na nusu tangu jopo la afya ya akili lililoongozwa na Dakta Frank Njenga kupendekeza hali ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Habari ya hukumu hiyo sijui kama imefika kwenye mabenchi ya zahanati. Hofu husafiri haraka kuliko hukumu.

Afisa wa kliniki anayetaka kumsaidia mzee bila kumficha wala kumwanika anaweza kuanza leo, bila kungoja sheria mpya. Afunge mlango, joto au hakuna joto. Amweleze mgonjwa kwanza karatasi inakwenda kwa nani. Kisa akiandike kwenye rejista ya zahanati, na kwenye barua ya polisi aandike sentensi ya matokeo tu, pamoja na jina lake, namba ya usajili na tarehe. Kama ana shaka, ampeleke kwa mtaalamu wa akili kwenye hospitali ya kaunti badala ya kumwaga shaka hiyo kwenye barua. Barua iingie bahasha iliyofungwa. Na kama mzee hafai, aandike hafai. Usiri haumzuii daktari kusema hapana.

Mzee naye ana lake. Kifungu cha 26 cha Sheria ya Data kinampa haki ya kuuliza ofisi yoyote ina habari gani zake, kuzitazama, na kutaka zilizokosewa zisahihishwe. Anaweza kuiandikia hospitali ya Nairobi na kuiandikia Bodi. Asipojibiwa, alalamike kwa Kamishna, ambaye sheria inamtaka amalize uchunguzi wake ndani ya siku 90, muda ule ule Matiang'i aliowapa wenye bunduki.

Kufikia sasa, hata hivyo, kinachomlinda zaidi ni umbali. Faili liko Nairobi, daftari liko Tulia, na hakuna aliye na hamu ya kuvileta pamoja. Hilo linabadilika. Sheria ya Afya ya Kidijitali, iliyotiwa saini Oktoba 2023, inataka kumbukumbu za wagonjwa ziwe kwenye mfumo mmoja wa kitaifa, na sababu ni nzuri kabisa: mzee akizimia sokoni, daktari wa Kitui ajue ana kisukari na anatumia nini kabla ya kumchoma sindano. Mfumo huo huo utayajua yote aliyoyakana mbele ya mke wa mpwa wake. Bodi nayo ina kadi za kielektroniki, na mwenye bastola na mgonjwa ni mtu mmoja mwenye namba moja ya kitambulisho. Kuziweka kumbukumbu hizo mbili bega kwa bega hakutahitaji barua wala bahasha. Wanaoandika kanuni za mfumo wa afya wanapaswa kusema sasa hivi, kabla ombi halijaja, kwamba polisi au Bodi ikiuliza itajibiwa na daktari na siyo na kompyuta, na kwamba kila anayelifungua faili ataacha jina, saa na sababu mahali ambapo mgonjwa mwenyewe anaweza kuviona kwenye simu yake, akiwa amekaa dukani kwake Tulia.